Benchi moja, mafundi watatu: yaliyonikuta nilipofanya kazi na mchoraji na msusi wa ukindu

seremala_keko (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Keko, Dar es Salaam. Miaka yote kazi yangu imekuwa vitanda, makabati na sofa za oda. Mwaka jana niliingia kwenye kazi ya aina nyingine kabisa, na kwa kuwa naona wengi humu wanauliza kama fundi anapata lolote la maana kwa kushirikiana na wasanii, nimeona nisimulie mwanzo hadi mwisho. Uzi ni mrefu. Nitaandika kwa vipande, kati ya kazi na kazi.

Alinijia binti mmoja mchoraji. Tulikuwa tunafahamiana kwa sababu alikuwa ananunua kwangu mabaki ya playwudi ya kuchorea. Safari hii alikuja na karatasi. Kachora benchi la mita mbili, halina egemeo, ubavu wake unakwenda kama wimbi, na mahali pa kukalia si mbao wala godoro bali mkeka wa ukindu wa rangi, unaoteremka upande mmoja mpaka sakafuni. Akaniuliza, "Fundi, inawezekana?" Nikamjibu kama tunavyomjibu mteja yeyote anayekuja na picha kwenye simu: inawezekana, toa kianzio nikanunue mbao.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Nilimchukua kama mteja, na yeye akanichukua kama mtu wa kutimiza mchoro. Mkeka tukauagiza kwa mama mmoja wa Mbagala, mzaliwa wa Mafia, ambaye tangu utotoni kasuka ukili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa pamoja kuwa mkeka. Naye tukamchukua kama duka. Watu watatu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hata moja.

Nikatengeneza fremu ya mninga, safi kabisa. Mkeka ukaja, mzuri kuliko nilivyotarajia, mistari ya zambarau, kijani na rangi yake ya asili. Nikautandaza juu ya fremu, nikaubana pembeni kwa vijiti na misumari midogo, nikapiga vanishi kwenye mbao, tukapiga picha. Wiki ya tatu mkeka ulikuwa umelegea katikati kama chandarua, na pale penye misumari mshono wa ukili ukaanza kuachia. Mkeka unashonwa ili ulale chini, ardhi iubebe. Mimi niliutundika hewani halafu nikawakalisha watu juu yake.

Naendelea baadaye, kuna mzigo wa mbao umefika.

mpenda_mbao

Mkuu, nipo hapa. Kwanini mninga? Kwa kazi ya majaribio si ungetumia mbao ya bei nafuu kwanza?

seremala_keko

Swali zuri. Mninga unatulia. Ukishakauka vizuri haupindi ovyo kati ya masika na kiangazi, na kwa fremu ambayo itavutwa na kamba, hilo ni jambo kubwa. Mkongo nao una tabia hiyo. Mchoraji alitamani mpingo kwa ajili ya weusi wake, nikamkatalia. Mpingo mzito kiasi cha kuzama majini, unakula makali ya patasi, na mti wenyewe unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Tangu 2017 biashara yake nje ya nchi iko chini ya vibali vya mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini. Huo ni mti wa zumari na vinyago. Kuukata uwe miguu ya benchi la kujaribia, dhamiri yangu haikukubali.

Ila una hoja. Jaribio la pili nililifanya kwa mbao ya msonobari, na nashauri kila mtu afanye hivyo.

Sasa hilo jaribio la pili. Nikakumbuka kitanda cha kamba cha nyumbani kwa bibi yangu. Waliokulia Pwani wanakijua: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, halafu kinawambwa kwa kamba. Nikasema basi, nitawamba kamba chini, mkeka ulale juu ya kamba. Nikatoboa mashimo kwa keekee kila baada ya sentimita nne, yamepangika kwa rula, nikakaza kamba kwa nguvu zangu zote. Asubuhi nimefika karakana nakuta mifumbati imepinda kwa ndani, sentimita mbili na nusu katikati. Mchoraji alikuwa ametaka ubavu mwembamba, na mimi nikampa mwembamba bila kumweleza kwamba kamba karibu 50 zikivuta pamoja zina nguvu ya kukunja mbao.

Alipofika akaangalia, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hebu tumwite mama mwenyewe." Namshukuru kwa sentensi hiyo hadi leo.

rangi_mbichi

Fundi, mimi niko upande wa pili, ni mchoraji. Naomba niseme kitu ambacho mafundi wengi hawakisikii. Tunapoleta karatasi tunakuwa tunaogopa. Ukimuuliza fundi sana anaona humwamini, ukimwacha anakufanyia kitu cha kawaida. Kwa hiyo tunachora kwa ukamilifu mno, mpaka karatasi haina nafasi ya mtu mwingine kuingia. Siku hizi mimi napeleka mchoro wa nusu. Nachora jinsi ninavyotaka mtu ajisikie akikaa, na urefu, basi. Mengine tunayakuta mezani.

seremala_keko

Dada, umenena. Yaliyofuata kwetu yalikuwa hayo hayo.

Mama alikuja Jumapili. Hakuangalia mchoro. Aliinama chini ya fremu, akapitisha kidole kwenye mashimo yangu yote, moja baada ya jingine, kisha akasema, "Mwanangu, haya mashimo yana meno. Yataikata kamba." Kweli, kingo zilikuwa kali, keekee ilivyoziacha. Akasema tena kwamba mashimo yako karibu mno, kamba hazipumui. Nikamuuliza yawe umbali gani. Akaweka vidole vitatu kwenye mbao. "Hapa na hapa."

Vidole vitatu vyake ni sentimita tano kasoro kidogo. Nikatengeneza kijiti cha kipimo kwa vidole vyake na rula nikaiweka kabatini. Mashimo yakawa 39 kila upande, na kila shimo nikalilainisha kingo kwa tupa ya mviringo na msasa, nje na ndani. Siku mbili nzima kwa mashimo tu.

Halafu akatoa neno lililobadilisha kazi yote: "Msiniagizie mkeka. Nileteeni fremu, nisukie humo humo." Yaani asishone mkeka pembeni uje ubandikwe, bali awambe ukambaa (kamba nyembamba ya majani yaliyosukwa) kwenye mashimo ya fremu yenyewe, kisha apitishe ukindu wa rangi juu na chini ya ukambaa, fremu na mkeka viwe kitu kimoja. Ukitoa mbao, hakuna mkeka. Ukitoa mkeka, mbao ni vijiti vinne.

Suala la kupinda nalo likapata dawa, na hili ndilo ninaloona fahari nalo upande wangu. Nilikuwa na kumbukumbu ya jaribio la pili: sentimita mbili na nusu kwa ndani. Nikachonga mifumbati mipya ya mninga ikiwa imetuna kwa nje kwa kiasi hicho hicho, unene nikauongeza kidogo upande wa chini ambao macho hayaoni. Ukiiona fremu kabla ya kuwambwa unasema fundi amelewa. Mama alipokuwa anasuka, siku hadi siku, mbao ikawa inarudi ndani taratibu, na siku ya sita aliponyosha ukambaa wa mwisho tukaweka uzi wa kupimia: mstari ulikuwa umekaa. Mchoraji alilia. Mimi nilitoka nje nikanunue maji.

Lile wimbi la kwenye mchoro halikuwepo tena kwenye mbao. Lilihamia kwenye ususi. Mchoraji alikaa pembeni ya mama siku zote sita, anachovya ukindu kwenye rangi na kumpa kwa mpangilio, rangi inapanda na kushuka kutoka kichwa cha benchi hadi mguuni. Na ile sehemu ya mkeka inayoteremka sakafuni mama aliikataa, akasema watu watajikwaa. Tukaiacha.

mtoto_wa_visiwani

Assalaam alaykum. Nakusoma nikiwa Lamu. Ndugu yangu, ulichokifanya kina ukoo mrefu huku. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, kile cha kumkalisha mgeni wa heshima, hakikuwa kazi ya mkono mmoja. Mpingo uchongwe na kuungwa, ukitiwa njumu, yaani vipande vya pembe au mfupa vinavyopachikwa kama nakshi, na mgongo na makalio yawambwe kwa kamba nyembamba zilizosukwa. Vingine vina kibao cha kuegeshea miguu kinachotoka. Anayejua mpingo si lazima ajue njumu, na anayejua njumu si lazima ajue kuwamba. Milango yetu vilevile, kuna wa kuunga mbao na kuna wa nakshi. Jambo hili halikuletwa juzi na maonyesho ya mjini.

seremala_keko

Waalaykum salaam. Ahsante sana kwa hili, umenipa nguvu. Nitakuja Lamu niyaone kwa macho.

Na wewe umenikumbusha kitu ambacho mchoraji alinionyesha tulipomaliza. Alinitumia picha ya kiti kilichotengenezwa Ujerumani mwaka 1921, mji wa Weimar, kwenye shule ya sanaa na ufundi ya Bauhaus. Waliokitengeneza walikuwa vijana wawili wanafunzi: Marcel Breuer, Mhungaria wa miaka 19, upande wa mbao, na Gunta Stölzl, wa miaka 24, upande wa ufumaji. Mbao ni mwaloni na mcheri, imechongwa na kupakwa rangi, mgongo mrefu kama wa kiti cha chifu, na kitambaa cha rangi kali kinashika kiti chote. Kwa miaka takriban 80 kiti hicho hakikujulikana kilipo. Watu walikuwa na picha yake ya rangi nyeusi na nyeupe tu. Kikaibuka, na mwaka 2004 jumba la kumbukumbu la Bauhaus mjini Berlin likakipata, ndipo dunia ikaona rangi zake.

Nilikaa na picha ile muda mrefu. Kilichonishika ni kwamba huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kazi ya seremala inaishia na ya mfumaji inaanza. Ndicho mama wa Mafia alichokuwa ananifundisha aliposema nileteeni fremu.

Na kuna jambo lililoniuma. Kiti hicho kinaitwa Kiti cha Kiafrika. Waliongozwa na viti vya bara letu, na jina la Afrika limo, lakini la fundi wa Afrika halimo. Wale vijana sina ugomvi nao, kazi yao naiheshimu. Ila ndiyo sababu nimekuwa mkali sana juu ya majina, na hilo nitalifikia.

Shule ile ilikuwa na utaratibu ambao ningependa vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vyetu vya sanaa wauangalie. Katika miaka ya mwanzo kila karakana ilikuwa na wakuu wawili, mmoja msanii wa kufundisha umbo, mwingine fundi wa kufundisha kazi yenyewe. Mwanafunzi alikaa kati yao. Ubaya ni kwamba fundi hakupewa uzito sawa na msanii katika maamuzi ya shule, na manung'uniko yakawepo. Hata hivyo angalieni matunda: Breuer mwaka 1925 alikuwa tayari anatengeneza viti vya bomba la chuma, inasemekana wazo alilipata kwenye usukani wa baiskeli yake, na Stölzl mwaka 1927 akawa mkuu wa karakana ya ufumaji.

hesabu_kwanza

Wakuu, mimi naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Fremu tatu, siku sijui ngapi, benchi moja. Familia ya fundi inakula nini wakati huo? Na mwisho wa siku kiti ni cha kukalia. Hizi kazi za majaribio nimeona nyingine hata hazikaliki.

seremala_keko

Mkuu, hoja yako ya kwanza ni ya kweli na nitaijibu kwa hesabu. Ya pili niruhusu nikupe mfano mmoja.

Msumbiji walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1977 hadi 1992. Silaha zikabaki zimetapakaa kwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la huko, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, likaanzisha mpango wa watu kurudisha bunduki na kupewa zana: majembe, cherehani, baiskeli. Bunduki zikakatwakatwa, vipande wakapewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kama Kester, mwaka 2001 akatengeneza kiti cha enzi kwa vipande hivyo, mgongo ukiwa bunduki mbili za G3, na mikono ikiwa ya AK-47. Kipo British Museum tangu 2002. Hakifai kukaa ukatazama mpira, ni kweli. Lakini ni kiti kwa sababu kingekuwa sanamu tu usingejiuliza: nani alikalia haya madaraka, na nani alilipa?

Kwa hiyo siwezi kusema kila kiti lazima kikalike. Naweza kusema kwamba sisi tulitaka letu likalike, na linabeba watu wanne wazima.

Sasa hesabu. Nilitumia siku 11 kwa majaribio mawili yaliyoshindwa na siku 14 kwa benchi lenyewe. Kwa utaratibu wetu wa kawaida wa Keko, zile 11 ni hasara ya fundi, mteja hazijui. Hapo ndipo ushirikiano na wasanii unapowaumiza mafundi, kwa sababu msanii anajaribu kwenye karatasi, mimi najaribu kwenye mbao. Tulichofanya baada ya jaribio la pili ni kukaa chini watatu na daftari. Kila mtu akaandika siku zake zote tangu mwanzo, za kushindwa na za kufaulu. Siku za mchoraji za kuchora nazo zikahesabiwa, na siku za mama za kuanika, kuchambua na kutia rangi ukindu, ambazo huwa hazilipwi kabisa popote. Benchi lilipouzwa tukatoa kwanza vifaa na nauli, kilichobaki tukagawa kwa siku. Nilipata pungufu kidogo ya ambacho ningepata kwa vitanda katika muda ule. Benchi la pili, kwa kuwa fremu nishaijua, nilipata zaidi.

Sitamdanganya mtu: mwaka mzima bado nakula kwa vitanda na makabati. Hii kazi ni siku mbili za wiki.

mwenda_ngongroad

Habari zenu, naandika kutoka Nairobi. Nauliza kuhusu majina uliyosema utayafikia. Huku nimeona samani kwenye maonyesho, kibao kinasema jina la msanii peke yake. Fundi aliyeunga hakutajwa mahali.

seremala_keko

Ndugu wa Nairobi, hata sisi yalitukuta. Benchi la kwanza lilikwenda kwenye maonyesho fulani hapa mjini, nisitaje. Kibao kikaandikwa jina la mchoraji tu, halafu chini "ukindu na mninga". Mimi na mama tulikuwa ukindu na mninga. Mchoraji mwenyewe ndiye aliyekwenda kugomba, si mimi, na kibao kikabadilishwa siku ya tatu.

Tangu hapo tuna karatasi moja, tumeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Inasema majina matatu yanakwenda pamoja popote benchi linapokwenda, kwenye kibao, kwenye risiti na kwenye picha ya mtandaoni. Inasema hakuna anayeruhusiwa kumpa mtu mwingine muundo huu autengeneze bila wenzake kukubali. Na inasema mgawanyo wa siku. Tumesaini na shahidi. Wakuu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inazitambua kazi za sanaa za matumizi, ziwe za mikono au za kiwandani, kwa hiyo fundi asidhani hakimiliki ni ya wanamuziki pekee.

mpenda_mbao

Mkuu, msanii nitampata wapi mimi niliyeko mkoani? Na nianzie na kitu gani?

seremala_keko

Kwa Dar ni rahisi, pale Nafasi Art Space Mikocheni wasanii wana karakana zao, unaingia unazungumza. Mkoani usitafute "msanii" kwa jina hilo. Kama uko Iringa, una akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, hiyo ni sanaa ya hali ya juu kabisa. Kama uko Mtwara au Newala una wachongaji. Anza na kigoda. Kidogo, mbao chache, ukikosea hujapoteza mwezi. Na nenda kwake, usimwite kwako. Mimi nilijifunza zaidi siku moja niliyokaa kwenye uwanja wa mama kule Mbagala, nikimwangalia anavyoukunja ukindu mbichi na mkavu ili nione tofauti, kuliko wiki nzima ya karakana.

binti_wa_msusi

Kaka fundi, shikamoo. Mama yangu naye anasuka, yuko Bagamoyo, na vidole vimeanza kumuuma. Nimesoma uzi wote nikamsomea kwa sauti. Ameuliza: huyo mama wa Mafia aliweka alama yake wapi?

seremala_keko

Marahaba mdogo wangu, na mpe mama shikamoo yangu. Chini ya benchi, karibu na tendegu la kulia upande wa kichwani, kuna fundo moja la ukindu mwekundu ambalo halina kazi yoyote kwenye ususi. Ni lake. Alisema mama yake alikuwa akiliweka kwenye kila mkeka. Mimi nimechoma herufi zangu kwenye mfumbati hapo hapo pembeni, na mchoraji akaweka nukta ya rangi.

Mwambie mama kama ana mtu anayesokota kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) huko, nyembamba na sawasawa, naomba anielekeze. Benchi la tatu tunataka kuliwamba kwa usumba badala ya ukambaa, kwa sababu litakaa barazani ambako mvua inafika, na hapa mjini ninazopata ni nene mno kwa mashimo ya vidole vitatu. Nitakuja Bagamoyo mwenyewe na kipande cha fremu ili azipime.